Narnia inaanzia kabatini: uzi wa vitabu saba, matoleo yake na filamu zake

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa waliosoma vitabu saba vya C. S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya ajabu ya wanyama wanaosema, na wa wazazi wanaotaka kuwasomea watoto wao. Kila mfululizo huu ukitajwa huzuka swali lile lile: tuanze na kipi? Ukinunua seti mpya leo, namba 1 imebandikwa kwenye The Magician's Nephew. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba namba hiyo inamnyima mtoto utamu wa hadithi.

Kwanza tukumbushane vilivyotoka. The Lion, the Witch and the Wardrobe, ambacho hapa nitakiita kitabu cha kabati, kilichapwa London mwaka 1950. Kikafuata Prince Caspian 1951, The Voyage of the Dawn Treader 1952, The Silver Chair 1953, The Horse and His Boy 1954, The Magician's Nephew 1955, kisha The Last Battle 1956, kilichompatia Lewis nishani ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto. Kwa hiyo watoto wa enzi hizo walipata kitabu kimoja kila mwaka, na kile kinachosimulia Narnia ilivyoumbwa kiliwafikia kikiwa cha sita.

Mpangilio wa sasa ulikuja mwaka 1994, wachapishaji HarperCollins walipovichukua vyote na kuvipa namba kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi. Uumbaji ukawa wa kwanza, kabati la pili, farasi wa tatu, Caspian wa nne, na kuendelea. Ngao yao ni barua ya Lewis mwenyewe. Mwaka 1957 mtoto mmoja wa Kimarekani alimweleza kwamba yeye anataka visomwe kwa mtiririko wa matukio, mama yake anataka kwa jinsi vilivyotoka. Lewis akamjibu kwamba anakubaliana naye kuliko anavyokubaliana na mama yake.

Wengi wakinukuu huishia hapo. Endelea kusoma barua ile ile. Lewis anaeleza kwamba alipoandika cha kwanza hakujua kama kingekuwepo kingine, alipomaliza cha tatu alidhani amefunga kazi, na kwa hiyo pengine si jambo kubwa mtu aanze na kipi. Huyo ni mzee mpole anayemjibu mtoto kwa heshima. Sioni hapo amri ya kupanga upya vitabu vya dunia nzima.

Ushahidi ninaouamini zaidi umo vitabuni. Katika kitabu cha kabati, Bwana Beaver, mnyama wa mtoni anayesema, anapowanong'oneza watoto wanne walioingia Narnia kupitia kabati habari za Aslan (simba aliyeiumba Narnia), msimulizi anasema hakuna hata mmoja wao aliyejua Aslan ni nani, kama wewe msomaji usivyojua. Mtoto aliyeanzia kwenye uumbaji anajua vizuri sana. Ameshamwona Aslan akiimba na nyota zikitokea. Sentensi ile kwake haina maana.

Halafu ile nguzo ya taa. Lucy, mdogo wa wale wanne, anaingia kabatini, anapenya katikati ya makoti ya manyoya, anasikia kitu kikikatika chini ya miguu. Anainama kugusa: ni baridi, ni theluji. Manyoya yanageuka kuwa matawi yanayomchoma usoni. Mbele anaona mwanga, na mwanga ni nguzo ya taa ya barabarani iliyosimama peke yake katikati ya msitu. Anatokea kiumbe mwenye miguu ya mbuzi, mwavuli mkononi na vifurushi kwapani. Nani aliisimika taa msituni? Hatuambiwi. Wasomaji wa mwanzo walilibeba swali hilo miaka mitano, ndipo wakajibiwa. Ukilipa jibu kabla ya swali, taa inabaki taa tu.

Nawasilisha. Karibuni, hasa msiokubaliana nami.

#2

Mkuu umenena. Ila wengine tulianzia kwenye filamu ya 2005, vitabu tukavikuta baadaye. Wenye kumbukumbu za filamu na tamthilia za zamani washuke hapa, nakaa mkao wa kula.

#3

Mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na bado siungi mkono.

Nimewasomea wanangu kwa namba za siku hizi na hawakupoteza kitu. Tena walipata ambacho wewe hukukipata. Digory ndiye mtoto wa The Magician's Nephew. Mama yake ni mgonjwa mahututi, anajaribiwa aibe tufaha la kumponya, anakataa, na mwishowe Aslan mwenyewe anampa. Anazika kitovu cha tufaha bustanini London, mti unaota, miaka inapita, dhoruba inauangusha, na mbao zake zinachongwa kabati. Kitabu kinaishia hapo hapo.

Kesho yake usiku tukafungua kitabu cha kabati. Peter na Susan, kaka na dada wa Lucy, wanamwendea yule profesa mzee mwenye nyumba kumshtakia kwamba Lucy anaota mchana. Binti yangu wa kwanza akaniruka: "Huyo ni Digory! Anajua! Kwa nini hawaambii?" Watoto wa hadithini hawajui, profesa anajua, na wanangu wanajua kwamba anajua. Sura ile ilisomwa upya usiku huo huo kwa kuombwa. Msomaji wako wa 1950 alikuwa na swali la taa, sawa, lakini profesa kwake alikuwa mzee wa ajabu ajabu tu.

Na kwa mtoto mdogo kuna hili la miaka. Kutoka kabati hadi Prince Caspian, Narnia imepita miaka zaidi ya elfu moja, na kwa wale watoto umepita mwaka mmoja tu. Ukirudi tena nyuma kabla ya kabati kwenye kitabu cha sita, mdogo anapotea kabisa.

#4 (Mleta uzi)

Mkuu #3, hoja ya profesa ni nzito, sitaipuuza. Furaha ya kujua siri ambayo wahusika hawaijui ni furaha ya kweli, na hilo la binti yako limenigusa.

Lakini tazama mambo mawili. Aliyeanzia kabatini akifika mwisho wa cha sita, akauona mti ukichongwa, anarudi mwenyewe kukisoma upya kitabu cha kabati, na hapo anaipata ile ya profesa pia. Kwa hiyo anapata zote mbili. Aliyeanzia kwenye uumbaji, mshangao wa taa hataupata tena maishani.

La pili: fungua ukurasa wa kwanza wa The Magician's Nephew. Lewis anasema hadithi hii ni muhimu sana kwa sababu inaonyesha safari za kwenda na kurudi kati ya dunia yetu na Narnia zilivyoanza. Anayejali zilivyoanza ni yule ambaye ameshaenda. Hivyo ndivyo anavyozungumza mtu na msomaji aliyeketi naye muda mrefu.

#5

Nichangie upande wa luninga na sinema, maana mfululizo huu nimeufuatilia sana huko.

Lewis mwenyewe hakutaka. Desemba 1959 alimwandikia mtayarishaji mmoja wa BBC kwamba anapinga kabisa Narnia kuigizwa na watu kwenye televisheni. Hofu yake ni kwamba wanyama wanaosema, ukiwatoa kwenye maneno ukawaweka mbele ya macho, huwa ama vichekesho ama jinamizi. Mtu kuvaa ngozi akajifanya Aslan, kwake ilikuwa kufuru. Katuni alisema ni jambo jingine. Alifariki Novemba 1963, na miaka minne tu baadaye ITV ya Uingereza ikarusha tamthilia ya kitabu cha kabati, nyeusi na nyeupe. Sehemu zake nyingi zimepotea. Mwaka 1979 ikaja katuni iliyoongozwa na Bill Melendez, yule yule wa katuni za Charlie Brown, ikatwaa tuzo ya Emmy.

Kisha BBC, 1988 hadi 1990, wakatengeneza vitabu vinne: kabati, Caspian, safari ya merikebu na kiti cha fedha. Vijana wa leo wakiona vipande vyake wanacheka. Akina Beaver ni watu waliovaa magunia ya manyoya, viumbe vinavyoruka vimechorwa kwa mkono juu ya picha. Mimi nawaomba wavumilie wamtazame Aslan wa pale. Ni simba mkubwa aliyeundwa, ndani yake mna watu wanaomwendesha, na sauti ni ya Ronald Pickup. Anatembea polepole, mdomo unafunguka kwa shida. Lakini watoto wanapomkumbatia, mikono yao inazama kwenye manyoya ya kweli, wameshika kitu kilichopo. Simba wa kompyuta wa 2005 ni mzuri kupindukia, ila kuna sehemu unaona kabisa kwamba mtoto anatazama hewa.

Na Tom Baker akicheza Puddleglum katika The Silver Chair, yule kiumbe wa mabwawa anayetarajia mabaya siku zote na bado ndiye shujaa kuliko wote! Atakayecheza nafasi hiyo siku zijazo ana kazi. Warwick Davis naye alikuwa Reepicheep, panya mwenye upanga, na mwaka 2008 akarudi kwenye filamu ya Caspian akiwa kibeti Nikabrik.

Filamu za Walden Media mnazijua. Ya 2005, chini ya Andrew Adamson, Disney wakiwa wasambazaji, iliingiza karibu dola milioni 745 na kupata Oscar ya urembaji wa nyuso. Tilda Swinton alikuwa Mchawi Mweupe wa kuogofya kwa utulivu wake tu. Inaanza na ndege za Wajerumani zikiishambulia London, jambo ambalo Lewis analipitia kwa sentensi moja. Hapo naona waliongeza kwa haki, maana mtoto wa leo hajui kwa nini wale wanne walipelekwa shamba bila wazazi. Caspian ya 2008 iligharimu zaidi na ikaingiza kama milioni 419 tu, Disney wakajiondoa mwishoni mwa mwaka huo. Fox wakaingia kwa Dawn Treader ya 2010, mwongozaji Michael Apted. Ikaishia hapo.

Ninayoilalamikia ni hiyo ya 2010. Kitabu chake ni safari ya visiwa: kila kisiwa kina jambo lake, wanatia nanga, wanapata mtihani, wanaondoka. Filamu ikaona hiyo haitoshi, ikaleta ukungu wa kijani na panga saba za kukusanya ili kuwe na adui mmoja wa kupigana naye mwishoni.

Kilichoumia zaidi ni Eustace. Kitabuni, mtoto huyu mlafi amegeuka joka. Aslan anampeleka kisimani na kumwambia avue. Anajikwangua, ngozi nzima inatoka kama gamba la nyoka, anafurahi, anatazama majini: bado joka. Anajaribu tena na tena, chini ya kila ngozi kuna ngozi. Ndipo Aslan anamwambia, itabidi nikuvue mimi. Kucha la kwanza linaingia mpaka Eustace anahisi limefika moyoni, linauma kuliko chochote alichowahi kuhisi, na anavumilia kwa sababu raha ya kile kitu kubanduka ni kubwa kuliko maumivu. Kwenye filamu Aslan anakwaruza mchanga kwa mbali, joka linapaa hewani, mwanga, kijana anatua mzima. Kile kisima kimeondoka, na jitihada zake mwenyewe zilizoshindwa zimeondoka nazo. Hapo ndipo hadithi ya Eustace ilipokuwa.

#6

Assalaam alaykum wana jamvi. Mie wa Unguja, na nataka kukisemea kitabu ambacho hadi leo hakijatengenezewa filamu wala tamthilia ya televisheni: The Horse and His Boy.

Sisi wa pwani tukikisoma, tunajiona upande gani? Nchi ya Calormen iko kusini, ng'ambo ya jangwa. Watu wake weusi wa uso, wana vilemba, majambia yaliyopinda, watumwa, na mungu mkatili aitwaye Tash. Watu wazuri wote wako kaskazini, weupe, huru. Nilikipenda kitabu hiki na kiliniuma, na vyote viwili ni kweli mpaka sasa. Michoro ya Pauline Baynes inakupeleka moja kwa moja kwenye picha za kale za Waajemi, mizuri mno, na inaongeza uzito wa jambo lenyewe.

Lakini humo humo yumo Aravis, binti wa Calormen, jasiri, anayekimbia kuozwa kwa mzee. Anapoanza kusimulia kisa chake, Lewis anaacha kila kitu kutuambia kwamba huko Calormen watoto hufundishwa kusimulia hadithi kama watoto wa Kiingereza wanavyofundishwa kuandika insha, na tofauti ni kwamba hadithi watu wanataka kuzisikia, ilhali insha hajapata kuona mtu anayetamani kuzisoma. Aravis anakaa kitako, sauti inabadilika, anaanza na nasaba yake. Nani aliyekulia kwetu asiyejua mkao huo? Bibi zetu hawakuanza kisa kwa pupa.

Na katika The Last Battle yumo Emeth, askari kijana wa Calormen aliyemtumikia Tash kwa moyo safi maisha yake yote. Anakutana na Aslan, anaanguka akijua atakufa. Aslan anamwita mwanangu, na kumwambia utumishi wote mwema aliomfanyia Tash umehesabiwa kuwa alimfanyia yeye. Lewis alikuwa Mkristo na aliandika kama Mkristo, na aliandika ukurasa huo.

Siku kitabu cha farasi kitakapotengenezwa, nataka kuona nini watafanya na Tashbaan, mji mkuu wa Calormen. Wakiufuta mji ule na kuweka mji usio na rangi wala harufu ili wasilaumiwe, watakuwa wamekwepa. Wakiuacha ulivyo, watakuwa wametukosea. Waajiri waandishi wanaotoka kwenye miji inayofanana nao, wenye bandari, majumba na vyeo, waufanye uwe mji wa watu kweli.

#7 (Mleta uzi)

#6, wa alaykum salaam. Mchango huu ungestahili uzi wake. Nakubaliana nawe kwamba kukwepa si jibu. Aravis anaishia kuwa malkia wa Archenland, nchi jirani ya Narnia, na bila yeye Shasta, mvulana wa kitabu hicho, asingefika popote. Mwandishi wa filamu akimweka yeye katikati, nusu ya kazi imekwisha.

#8

Naomba msaada wa matoleo. Nina nakala ya mtumba, ya Macmillan ya Marekani, nahodha wa polisi wa Mchawi ni mbwa mwitu anaitwa Fenris Ulf. Rafiki yangu ana ya HarperCollins, kwake anaitwa Maugrim. Ipi imechakachuliwa?

#9 (Mleta uzi)

Hakuna iliyochakachuliwa, mkuu. Zote ni za Lewis. Toleo la Uingereza lilikuwa na Maugrim. Alipokuwa akisahihisha kurasa kwa ajili ya wachapaji wa Marekani alibadilisha mambo kadhaa, na mbwa mwitu akawa Fenris Ulf. Wamarekani walisoma hivyo hadi 1994, HarperCollins walipotumia maandishi ya Uingereza kila mahali. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kutambua nakala uliyonayo: tafuta jina la mbwa mwitu.

Badiliko kubwa zaidi liko kwenye Dawn Treader, sura ya 12, Kisiwa cha Giza, mahali ambapo ndoto huwa kweli, na si ndoto njema. Wanamwokoa Bwana Rhoop aliyekwama humo miaka. Katika maandishi ya Uingereza anaomba asirudishwe kule kamwe, anaonyesha nyuma kwa kidole, wote wanageuka, na giza halipo tena, limetoweka kabisa. Katika yale ya Marekani anaomba asiulizwe kamwe aliyoyaona, na giza halitoweki. Wao wanasafiri, lenyewe linabaki nyuma yao likizidi kuwa dogo.

Kwangu hilo la pili ni bora mara kumi. Mtoto aliyewahi kuamka usiku akitetemeka anajua ndoto mbaya haifutwi duniani, unachoweza ni kutoka ndani yake. Nasikitika kwamba lilizikwa 1994 bila hata kuwekwa kama nyongeza nyuma ya kitabu. Kwa hiyo nakala yako ya mtumba itunze vizuri. Nyingi za zamani zina pia mpangilio wa kabati kwanza.

Kuhusu michoro, tafuta yoyote yenye kazi ya Baynes. Mwaka 1998, miaka 100 tangu Lewis azaliwe, alitia rangi michoro yake mwenyewe kwa toleo maalumu. Matoleo yenye picha za waigizaji kwenye jalada mimi huyaacha dukani, mtoto anapaswa kumwona Lucy wake kwanza.

#10

Na hii ya Netflix mnaionaje? Walichukua haki za vitabu vyote saba mwaka 2018, kampuni moja kupata vyote kwa mara ya kwanza, na mwongozaji Greta Gerwig anaanza na The Magician's Nephew. Mleta uzi, si ndio wamekupiga bao?

#3 tena

Hahaha, mimi niko kimya tu.

#11 (Mleta uzi)

Mkuu #10, nimelifikiria sana hilo. Kwa mtu mzima aliyeona filamu ya 2005 au BBC ya 1988, Gerwig hajavuruga kitu. Kabati amelijua kitambo, sasa anaonyeshwa lilikotoka, kama wasomaji wa 1955. Tena ni hadithi ambayo skrini haijawahi kuigusa: Charn, mji uliokufa chini ya jua jekundu, kengele na nyundo yake, Jadis (ndiye Mchawi Mweupe wa baadaye) akisimama juu ya gari la farasi katikati ya London. Nitaitazama kwa hamu kubwa.

Ninaowahofia ni watoto wa miaka sita, saba, ambao hiyo itakuwa Narnia yao ya kwanza. Wataona chuma kilichong'olewa kwenye nguzo ya London kikitupwa, kikaota ardhini kikawa taa, kabla hawajapata nafasi ya kushangaa taa inafanya nini msituni.

Wenye watoto wa umri huo, ombi langu ni hili. Kitabu cha kabati kina sura 17, na nyingi ni fupi, moja inatosha kabla ya kulala. Kisomeni chote kabla hamjawawashia hiyo filamu. #3, hata wewe kwa yule wako mdogo ambaye bado hajasomewa, jaribu naye hivi, kisha uje hapa utuambie aliuliza nini alipofika kwenye taa.

#3 tena

Mdogo ana miaka mitano. Nimekubali, tunaanza Jumamosi. Mkubwa nimemwonya asifungue mdomo kuhusu profesa.